Taunilandi: jina dogo wanalolisaka wazao wa Waairishi

Mtu wa Boston au Chicago akikuambia kwamba babu wa babu yake alitoka kaunti ya Cork, bado hajakuambia kitu. Cork ndiyo kaunti kubwa kuliko zote Ayalandi, na akina Sullivan na Murphy humo hawahesabiki. Mzoefu wa kufuatilia nasaba za Waairishi atamuuliza swali moja: taunilandi gani?

Taunilandi ni kipande kidogo kabisa cha ardhi kinachotambuliwa rasmi nchini humo, chenye jina lake na mipaka yake. Neno ni la Kiingereza na linadanganya, maana ukilisikia utadhani kuna mji, kumbe ni nyumba chache, mashamba na pengine kilima. Kwa Kiairishi huitwa baile fearainn. Ningeweza kusema ni kitongoji tu, ila kitongoji ni watu na mwenyekiti wao, na taunilandi ni ardhi kwanza. Wakazi wote wakihama jina linabaki, na zipo ambazo leo hazina hata nyumba moja yenye moshi.

Kisiwa kizima kina taunilandi zaidi ya 60,000. Nyingine hazifiki hata ekari moja, nyingine zina maelfu ya ekari. Juu yake kuna parokia ya kiraia (eneo la kiutawala), kisha baroni (eneo lenye parokia kadhaa), kisha kaunti, ambazo ni 32. Hapo angalia vizuri: parokia ya kiraia si lazima iwe sawa na parokia ya Kikatoliki, ingawa ni humo kwa Wakatoliki ndimo daftari la ubatizo linamopatikana. Wengi hupotelea hapo.

Kwa nini kipande kidogo hivyo kiwe na uzito? Sababu mojawapo ni moto. Juni 1922, katika mapigano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Taifa pale Four Courts, Dublin, iliungua. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe, na za 1881 na 1891 ziligeuzwa malighafi ya karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sensa kongwe iliyobaki nzima ni ya 1901, miaka hamsini baada ya ile Njaa Kuu iliyoanza 1845, ikaua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni moja kupanda meli.

Kilichosalia cha kuziba pengo hilo ni vitabu vya kodi. Kikubwa ni uthamini wa ardhi na nyumba uliosimamiwa na Richard Griffith, uliotolewa kati ya 1847 na 1864, unaotaja kila aliyeshika nyumba au shamba, jina la mwenye ardhi, na thamani yake. Umepangwa taunilandi kwa taunilandi. Leo unaweza kutafuta kwa jina la mtu, ndiyo, lakini hata wathamini wenyewe walichanganyikiwa: penye wawili wenye jina moja, waliongeza jina la baba au la utani ili wawatofautishe.

Hatari ya kufuata jina bila mahali haiwahusu wanaoanza peke yao. Annie Moore, msichana wa Cork, alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York, ilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alihamia Texas, na wazao wa huyo wa Texas wakaheshimiwa hadharani. Mwaka 2006 ikabainika kuwa ni Annie Moore mwingine kabisa; wa Cork aliishi na kufia New York.

Sasa, jina la taunilandi ya babu yako halipatikani Ayalandi. Linapatikana kule mhamiaji alikoshukia, na hili watu hawalipendi kwa sababu wana hamu ya kukata tiketi ya Dublin. Sensa ya Marekani itakuandikia "Ireland" basi. Lakini Emigrant Savings Bank ya New York, iliyoanzishwa 1850, iliwauliza wateja walikozaliwa, wazazi wao na hata meli iliyowaleta. Gazeti la Pilot la Boston lilichapisha kuanzia 1831 matangazo ya watu waliotafuta ndugu zao, mara nyingi yakitaja parokia na hata taunilandi. Usipuuze pia majirani. Wachimbaji wa shaba wa Allihies, kwenye rasi ya Beara, waliitana hadi Butte, Montana. Kaburi la jirani laweza kuandikwa kile ambacho la babu yako halikuandikwa.

Ukilipata jina, litamke kwa sauti kabla ya kulitafuta. Wapima ramani wa 1824 hadi 1846 waliandika majina ya Kiairishi kwa masikio ya Kiingereza: baile ikawa Bally, cill (kanisa) ikawa Kil, cnoc (kilima) ikawa Knock. Karani wa Marekani naye akaandika alivyosikia. Tena jina moja hurudiwa katika kaunti kadhaa, kwa hiyo liambatanishe na parokia.

Usishangae babu mwenyewe asipokuwemo kwa Griffith. Uthamini uliifikia kaunti ya Mayo katikati ya miaka ya 1850, na aliyeondoka 1847 alikuwa ameshavuka bahari. Mtafute kaka yake, au mjane aliyebaki. Kisha fungua madaftari ya marekebisho yaliyofuata uthamini huo: kila shamba lilipobadilisha mkono, karani alikata jina la zamani kwa wino wa rangi, akaandika jipya juu yake na mwaka pembeni.