Mtutu unapakaa risasi? Acha kuongeza ugumu, chukua maikromita

Swali limerudi tena: mtutu wa bastola unapakaa risasi baada ya kupiga raundi hamsini, niongeze nini kwenye chungu ninachoyeyushia risasi ili vichwa ninavyojitengenezea viwe vigumu zaidi? Usiongeze kitu. Kwanza pima.

Kwa kuwa lugha yetu imevipa vitu viwili jina moja, humu risasi ni madini, na kinachoruka kwenda kwenye shabaha ni kichwa.

Imani inayonichosha ni hii: risasi hubaki ndani ya mtutu kwa sababu ni laini, chuma kinaisugua. Sivyo. Mara nyingi hubaki kwa sababu kichwa ni chembamba kuliko mtutu. Baruti ikiwaka, gesi ya moto hutafuta upenyo. Ikiupata ubavuni mwa kichwa hupita kwa kasi, ikiyeyusha na kukwangua kingo zake. Kilichokwanguliwa hugandia mbele, kwenye mifereji ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu, na kichwa kinachofuata hukipiga pasi. Kichwa laini angalau hutanuka kwa shinikizo na kuziba upenyo. Kigumu mno hakitanuki. Anayeongeza antimoni, madini ya kuipa risasi ugumu, kwenye kichwa chembamba anauongeza ugonjwa anaodhani anautibu.

Ushahidi upo siku zote: vichwa butu vya raundi ya rivolva iitwayo .38 Special, vya gramu 9.6 na kitako chenye shimo, vinavyotoboa karatasi tundu safi la duara. Hutengenezwa kwa risasi karibu tupu, huenda takriban mita 230 kwa sekunde, na vimo kati ya vichwa vyenye shabaha nzuri kuliko vyote vya mita 25. Ugumu ungekuwa ndio dawa, hivyo vingekuwa vya kutupwa.

Kupima ni hivi. Hakikisha bastola haina kitu, toa mtutu, upake mafuta kidogo ndani, kisha gonga polepole kipande cha risasi tupu kwa kijiti cha mbao ngumu mpaka kitokee upande wa pili. Sehemu zilizotuna juu yake ndizo kipenyo cha mifereji. Mtutu wa mifereji mitano ni mtihani, maana mfereji hautazamani na mwenzake, na maikromita ya kawaida, kifaa cha kupimia unene, itakupa kipimo kidogo kuliko cha kweli. Kichwa kizidi kipenyo hicho kwa milimita 0.025 hadi 0.05. Kwa rivolva, pima pia mdomo wa kila tundu la silinda. Midomo ikiwa myembamba kuliko mtutu, kila kichwa kinaminywa kabla hakijafika, na hakuna mchanganyiko wa madini utakaokuokoa. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha.

Angalia pia uchafu umekaa wapi. Ukiwa mwanzoni, karibu na chemba inapokaa raundi, shuku kipenyo. Ukiwa mdomoni mwa mtutu, grisi iliyopakwa kwenye kichwa imekwisha njiani.

Sasa pale ninaposita. Ganda la 9 mm huongezeka unene kuelekea kitako, na kichwa kirefu kilicho laini kinaweza kuminywa na ganda lenyewe. Umekisubu vizuri, kimetoka na milimita 9.07, kikiwa ndani ya ganda ni 9.02. Toa kimoja ulichokwisha kupachika ukipime. Hapo ugumu kiasi unasaidia kweli, kwa hiyo siwezi kusema ugumu hauna maana kabisa. Na kuhusu kupima kila kichwa kwa mizani, kwa mita 25 naona ni jasho la bure. Kagua kitako. Kingo za kitako zikiwa za mviringo badala ya kukatika wima, kirudishe chunguni, hata pua yake ingekuwa nzuri namna gani.

Kuhusu chungu nitakwenda haraka. Vizito vya zamani vya kubalansia tairi pamoja na asilimia 2 ya madini ya bati vinatosha. Bati husaidia risasi kujaza kalibu, yaani umbo la kumiminia, antimoni ndiyo inayoleta ugumu. Fanya kazi kati ya nyuzi 370 na 400 za Selsiasi. Makunyanzi kwenye kichwa ni kalibu baridi au yenye mafuta. Weupe kama ukungu ni kalibu iliyopata moto mno, na hauna madhara. Vizito vya zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo usipopandisha moto vitaelea na utaviondoa kwa upawa. Sahani za betri za gari usiziguse kabisa: ukoko wake, yaani uchafu unaoelea juu ya risasi iliyoyeyuka, ukipata unyevu unaweza kutoa gesi zinazoua.

Tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kukurushia chungu kizima usoni. Kwa hiyo miwani, glavu, mikono mirefu, na vipande vikavu kabisa. Moshi wa risasi kwenye joto hili ni mdogo; vumbi la ukoko ndilo linaloingia mwilini, kupitia mikono na chakula. Fanyia mahali penye hewa, ukoko uweke kwenye kopo lenye kifuniko, na watoto wasikaribie.

Kabla ya kujaribu kipenyo kipya, safisha mtutu mpaka chuma kionekane, kwa sufi ya shaba iliyozungushwa kwenye brashi kuukuu. Risasi ya zamani hushika mpya, na utakilaumu kichwa kisicho na kosa.