Ndoa miaka mitatu na mtoto bado, maswali ya kina dada wa Mwanjelwa

Mimi ni nesi hapa Mbeya, haya maswali naulizwa kwenye kikoba na kwenye benchi la kliniki. Mwanjelwa tumechanganyika Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga, Wabena, kila mtu na dawa za mizizi za bibi yake, ila kilio ni kimoja.

Dada nesi, nina miaka 29, nauza viazi sokoni. Wenzangu wote wanaitwa Mama Furaha, Mama Neema, mimi naitwa jina langu tu. Mawifi wanasema ni tasa, kweli?

Hilo neno usilipokee mdogo wangu, hakuna kipimo kilichosema hivyo. Tunaanza kuita tatizo mkishamaliza mwaka mzima mnakutana mara kwa mara bila kinga na mimba haiingii, ila ukivuka miaka 35 usingoje mwaka, miezi 6 inatosha, njoo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema karibu mtu 1 kati ya 6 anapitia hili maishani.

Mume wangu hataki kupima, anasema nguvu anazo.

Hapa ndo ndoa nyingi zinapovunjikia, inaniuma sana. Nguvu ni kitu kingine na mbegu ni kitu kingine, mwanaume anaweza kuwa fiti kabisa kitandani halafu mbegu zikawa chache, hazina mwendo au hazipo kabisa, na karibu nusu ya ndoa zenye shida hii upande wa baba nao unahusika. Na kipimo chake ndo chepesi kuliko vyote, anakaa siku 2 mpaka 7 bila tendo halafu anatoa mbegu kwenye kikopo basi, wakati mwanamke anapigwa picha ya mirija ya uzazi ambayo wengi inawauma tumbo. Kuna dada alikuja na bahasha tatu za vipimo vyake, zimechakaa kwenye mikunjo mpaka maandishi yamefutika, mume hajakanyaga maabara hata siku moja. Kaka zangu, nendeni.

Mirija inazibwa na nini?

Mara nyingi ni maambukizi ya zinaa ya zamani, klamidia na kisonono, yanaweza kukaa kimya usisikie chochote huku yanaacha makovu, au mimba iliyotolewa vibaya. Mizizi haizibui mirija, na ile ya kuweka ukeni inaweza kukuletea maambukizi mengine juu yake.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu imeniharibu kizazi?

Hapana, inachelewa tu kuisha mwilini, mimba inaweza kuchukua miezi 10 au hata mwaka toka sindano ya mwisho.

Tuanzie wapi?

Kituo cha afya cha karibu, wote wawili siku moja, wakiona inahitajika watawapa rufaa kwenda Meta, kitengo cha wazazi cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Na ile kalenda ya ukutani unayozungushia siku zako kwa peni nyekundu ibandue uje nayo, daktari ataanza kuuliza hapo.