Mwaka wa Mavuno: Maana ya Tarakimu Nne Kwenye Chupa ya Mvinyo

Mwaka wa mavuno, kwa maana inayotumika katika elimu ya mvinyo, ni mwaka ambao zabibu zilizotengenezea mvinyo huo zilichumwa shambani. Tarakimu zinazochapwa kwenye lebo, tuseme 2016, hazitaji mwaka ambao mvinyo ulitiwa chupani, wala mwaka ulioingizwa sokoni, na hazina uhusiano wowote na tarehe ya mwisho ya matumizi kama ile tunayoizoea kwenye pakiti za maziwa. Tofauti hii si ndogo. Katika eneo la Rioja nchini Hispania, mvinyo mwekundu wa daraja la Gran Reserva hauruhusiwi kuuzwa kabla ya kutimiza miaka mitano, na isiyopungua miwili kati ya hiyo lazima upite ndani ya mapipa ya mwaloni. Mnunuzi anayekuta chupa mpya dukani ikiwa na mwaka wa zamani hana sababu ya kudhani kwamba amewekewa bidhaa iliyododa.

Uzito wa mwaka huo unatokana na tabia ya mzabibu wenyewe katika nchi zenye majira ya baridi. Huko mti hupukutisha majani, hulala miezi kadhaa, kisha huchipua wakati joto linaporejea, na hutoa matunda mara moja tu kwa mwaka. Nchini Ufaransa, kwa kawaida machipukizi hujitokeza kati ya Machi na Aprili, maua huchanua karibu na Juni, na uvunaji hufanyika Septemba au karibu na hapo. Mkulima aliyepoteza msimu huo hana msimu wa pili wa kufidia hasara. Mwezi Aprili mwaka 2021, jalidi iliyoanguka usiku baada ya siku za joto lisilo la kawaida iliunguza machipukizi machanga katika sehemu nyingi za nchi hiyo, na mavuno ya mwaka huo yakawa miongoni mwa madogo kabisa kuonekana huko kwa miongo kadhaa. Kinyume chake, kiangazi cha mwaka 2003 kilikuwa cha joto kali kiasi kwamba wakulima wa eneo la Bourgogne, nchini humo, walianza kuchuma mwezi Agosti, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni kwao.

Hali ya hewa huingia ndani ya chupa kwa njia inayoweza kupimwa. Zabibu inapoiva, sukari yake hupanda na ukali wake wa asidi hushuka, huku tanini, yaani vitu vya asili vya maganda na kokwa vinavyokausha ulimi, zikilainika. Wakati wa uchachushaji, chachu hula sukari hiyo na kuigeuza kuwa kilevi; takribani gramu 17 za sukari katika kila lita ya maji ya zabibu huzaa asilimia moja ya kilevi. Kwa hiyo mwaka wa jua jingi huelekea kutoa mvinyo mzito, wenye kilevi kingi na asidi kidogo, ilhali mwaka wa baridi na mawingu hutoa mvinyo mwepesi, mkali ulimini, na wakati mwingine wenye ladha ya ubichi kwa sababu tunda halikuiva sawasawa. Mvua inayonyesha siku chache kabla ya kuchuma hudhuru zaidi kuliko mvua ileile ikinyesha mapema, kwa kuwa punje hufyonza maji, utamu huzimuliwa, maganda hupasuka na kuvu hupata mlango. Ndiyo maana watengenezaji wa Château d'Yquem, mvinyo mtamu maarufu wa eneo la Sauternes nchini Ufaransa, waliamua kutotoa kabisa mvinyo wa mwaka 2012, maana zabibu za mwaka huo hazikufikia kiwango wanachokitaka.

Kuna jambo dogo la kalenda ambalo hupotosha hata wanywaji wazoefu. Katika kizio cha kusini cha dunia, kama vile Rasi ya Magharibi nchini Afrika Kusini, zabibu huvunwa kati ya Januari mwishoni na Aprili, ilhali kaskazini huvunwa kati ya Agosti na Oktoba. Hivyo mivinyo ya Stellenbosch, Afrika Kusini, na ya Bordeaux, Ufaransa, iliyoandikwa mwaka mmoja hutofautiana umri kwa karibu nusu mwaka.

Kisheria, tarakimu hizo haziahidi kwamba kila tone limetoka katika mwaka uliotajwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka angalau asilimia 85 ya zabibu ziwe za mwaka huo, na Afrika Kusini inafuata kiwango hichohicho. Pia ipo mivinyo mingi mizuri isiyotaja mwaka wowote. Katika eneo la Champagne, ambako baridi na mvua hufanya miaka itofautiane mno, watengenezaji huhifadhi akiba ya mvinyo wa miaka iliyopita na kuuchanganya na mpya ili ladha ya kampuni yao isiyumbe. Mchanganyiko huo hukaa miezi isiyopungua 15 kabla ya kuuzwa. Wanapoamua kuandika mwaka, muda huo hupanda hadi miaka mitatu. Mtu akisema kwamba chupa isiyo na mwaka ni duni, amesahau kwamba kuchanganya miaka ni ufundi unaodai ulimi uliofunzwa kwa muda mrefu.

Dhana nyingine inayostahili kusahihishwa ni kwamba mwaka wa zamani ndio bora. Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa duniani hutengenezwa ili unywewe ndani ya miaka michache, hasa mvinyo mweupe na ule wa rangi ya waridi, ambao harufu yake ya matunda hufifia kadiri unavyokaa. Mivinyo inayofaidika na umri ni ile yenye tanini, asidi au sukari ya kutosha kuilinda, na hiyo ni michache. Kwa mvinyo mweupe wa bei ya kawaida, mimi ningechagua mwaka wa karibuni bila kusita.

Yote haya yanajengwa juu ya wazo moja ambalo vitabu vingi vya mvinyo havilitaji: kwamba mwaka mmoja una mavuno mamoja. Dodoma haifuati kanuni hiyo. Mji huo uko karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta, kwenye nyanda zenye mwinuko wa takribani mita 1,100, na una msimu mmoja wa mvua unaoanza mnamo Desemba na kukoma Aprili. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mti hubaki na majani, na kinachouamsha ni kisu cha mkulima. Anapopogoa, mzunguko mpya huanza, na baada ya miezi minne hivi zabibu huwa tayari. Kwa sababu hiyo wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili, kwa kawaida karibu na Machi na tena kati ya Agosti na Septemba, wakitumia aina kama Makutupora nyekundu na Chenin nyeupe. Bonde la São Francisco nchini Brazili nalo huvuna mara mbili kwa mtindo huohuo. Wakulima wa Nashik nchini India, kwa upande wao, hupogoa mara mbili lakini huchagua kuvuna mara moja tu, ili zabibu ziive katika miezi mikavu.

Mavuno mawili ya Dodoma hayawezi kufanana. Yale ya Machi hukua na kuiva wakati wa mvua, mkulima akipambana na ukungu na ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaofunika mmea kwa utando mweupe kama unga; yale ya Agosti hukomaa katika ukavu, chini ya jua lisilo na mawingu mengi, na maji yake hutoka kwenye umwagiliaji. Chupa iliyoandikwa 2022 peke yake haielezi ni ipi kati ya misimu hiyo iliyozaa mvinyo uliomo. Isitoshe, wapo wakulima wanaokamua zabibu zao na kuwauzia wenye viwanda mchuzi wa zabibu, na mchuzi wa misimu miwili unaweza kukutana katika tangi moja kabla ya kufika chupani. Kwa maoni yangu, lebo ya Dodoma ingemsaidia mnunuzi zaidi kama ingetaja msimu pamoja na mwaka, kwa mfano mavuno ya Agosti 2022, kwa maana katika shamba la aina hiyo tarehe ya kupogoa inaeleza tunda lilivyoiva kwa uhakika kuliko mwaka wa kalenda.