Mafuriko hayarudishi rutuba yote

"Bondeni hakuna haja ya mbolea, mto unaileta kila mwaka." Kauli hii ni nusu ya ukweli, hata katika mabonde yenye rutuba kama Kilombero na Rufiji. Tope huleta fosforasi na potasiamu, lakini naitrojeni ni kidogo, na maji yakituama, sehemu ya naitrojeni iliyomo udongoni hugeuka gesi ikapotea.

Hasara nyingine huja baada ya mavuno. Tani 1 ya mabua makavu ya mpunga ina naitrojeni kilo 5 hadi 8. Ukiyachoma, karibu yote inakwenda na moshi. Yakatekate, uyachanganye na udongo wenye unyevu wiki 3 au 4 kabla ya kupanda. Ukiyafukia siku chache tu kabla, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya miche naitrojeni, na majani yanakuwa ya njano.

Tena tope halitui popote tu. Matete na mafunjo hupunguza kasi ya maji hadi litue. Ukiyafyeka ukalima mpaka mtoni, kingo humomonyoka na mafuriko huweza kumwaga mchanga juu ya mpunga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Palipokwisha kufyekwa, acha matete yachipue kutoka mizizini. Usilime, usichome, wala usilishie ng'ombe hapo.