Kwa Nini Almasi Hupasuka kwa Nyundo Ilhali Hakuna Jiwe Linaloikwaruza?

Wengi huamini kwamba kitu kigumu ni kile kisichovunjika. Anayefikiri hivyo na afike Kariandusi, karibu na Gilgil katika Kaunti ya Nakuru, ambako yalifukuliwa mashoka ya kale ya mawe, mengine yakiwa ya obsidiani, yaani kioo cheusi cha volkeno. Obsidiani hukaribiana na kisu cha chuma kwa ugumu, lakini ukiigonga ukingoni kwa jiwe, kibanzi chenye makali huruka mara moja. Isingepasuka hivyo, wahenga wasingeweza kuichonga.

Kwa wataalamu, ugumu ni ukinzani wa uso wa kitu dhidi ya kukwaruzwa au kubonyezwa, basi. Mwaka 1812, mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alipanga madini kumi kwa foleni, talki ikiwa 1 na almasi 10, kila moja likikwaruza yaliyo chini yake. Namba hizo huonyesha nafasi tu, kwani almasi huizidi korandamu, yenye 9, kwa takriban mara nne. Kwa metali hutumika zaidi njia ya Brinell ya mwaka 1900: tufe gumu hukandamizwa juu ya metali, kisha upana wa kibonyeo hupimwa.

Metali hubonyea kwa sababu tabaka za atomu zake huteleza, ila haziteleezi zote kwa pamoja. Kuburuta mkeka mpana mzima mzima ni kazi. Ukiukunja kidogo ukingoni na kuusukuma mkunjo huo hadi upande wa pili, mkeka wote husogea bila jasho. Ndani ya metali, mikunjo hiyo ni kasoro katika mpangilio wa atomu. Mhunzi anayepasha moto patasi ya chuma chenye kaboni na kuizamisha majini huikwamisha mikunjo hiyo, hivyo patasi huwa ngumu zaidi, na nyepesi zaidi kukatika. Katika almasi, vifungo vya atomu havilegei kirahisi, kwa hiyo mkunjo hauna pa kupita katika joto la kawaida, na pigo la nyundo huishia kuwa ufa.

Kariandusi ina kioja kingine: diatomaiti, mwamba mweupe unaokwaruzika kwa ukucha. Umeundwa na maganda ya silika, yaani madini magumu yaliyomo pia mchangani, ya viumbe vidogo mno vya ziwa la kale, na maganda hayo, yakisagwa kuwa unga, hutumiwa kung'arishia metali. Anayeutajia mwamba huo namba moja ya ugumu anapaswa kwanza kueleza kama amepima bonge au chembe.