Dhana potofu kuhusu panga za kale za Kijapani

Wajuzi wa panga huko Japani wana namna yao ya kupimana, huiita kantei. Panga hupangwa mezani huku misuka yake imefunikwa, kila mtu anashika upanga kwa zamu, anautazama kwenye mwanga wa taa, kisha anaandika ni kazi ya nani na ni ya enzi gani. Mkusanyaji mpya hufanya kinyume. Anakimbilia msuka, yaani kile chuma kinachozama ndani ya mpini (wao husema nakago), anapiga picha herufi zilizochongwa pale, na akishasomewa jina anaanza kuulizia bei. Dhana nyingi potofu huzaliwa kwenye haraka hiyo.

"Una sahihi ya mhunzi mashuhuri, basi ni wake"

Sahihi ndiyo ya mwisho kuaminiwa. Kughushi majina ya wahunzi ni kazi iliyofanywa Japani kwa karne nyingi, na sahihi ya kughushi huitwa gimei. Nagasone Kotetsu, aliyefua panga mjini Edo katika karne ya 17, ameghushiwa kiasi kwamba kila Kotetsu huhesabiwa bandia mpaka uthibitishwe. Masamune wa Sagami ndiye kabisa: kazi zake zenye sahihi inayokubalika ni chache mno, kwa hiyo ukiona "Masamune" limechongwa vizuri kwenye upanga wa mnadani, hilo ni jambo la kukutia shaka, si la kukufurahisha.

Hata sahihi ikiwa ya kweli, kazi haijaisha. Jina moja lilitumiwa na wengi. Akina Sukesada wa Osafune, katika jimbo la kale la Bizen, walikuwa makumi. Mwishoni mwa enzi ya Muromachi (karne ya 16), nchi ikiwa vitani, walifua panga nyingi za jumla kwa ajili ya askari wa kawaida, wakachonga "Bishu Osafune Sukesada" tu. Ule ulioagizwa maalumu mara nyingi una jina binafsi la mhunzi pia, kwa mfano Yosozaemon no jo, pamoja na tarehe. Maneno hayo machache ya ziada hubadilisha bei kabisa.

Na usiudharau upanga usio na sahihi. Tachi, aina ya panga za kale, zilikuwa ndefu, nyingi zilikuja kufupishwa ili zivaliwe kama katana, aina iliyokuja baadaye, na upanga hufupishwa kwa kukatwa upande wa msuka. Jina lilikwenda na kipande kilichokatwa. Kazi nyingi bora za karne ya 13 na 14 zimetufikia bila jina lolote.

"Kutu kwenye msuka ni uchafu, isafishwe"

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, na haina dawa. Kutu ile nyeusi iliyotulia ndiyo cheti cha umri wa upanga. Anayeipiga msasa, au kuichovya kwenye dawa ya kuondoa kutu, amefuta ushahidi na sehemu kubwa ya thamani kwa dakika kumi.

Iangalie bila kuigusa. Sukuma nje kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, shika mpini kwa mkono wa kushoto upanga ukiwa umesimama na kulala kidogo, kisha gonga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya mkono wa kulia. Polepole, mpaka chuma kilegee. Kama kimefungwa kwa skrubu, fungua skrubu kwanza. Kama kimeganda, usikilazimishe. Msuka ukitoka, tazama ndani ya mikato ya herufi. Kutu iliyo humo inapaswa kufanana na ile iliyozunguka herufi. Mikato ikiwa imeng'aa huku pembeni pameiva, jina limeongezwa baadaye. Tazama pia mistari ya tupa na jinsi inavyolala, kwa sababu kila shule ya wahunzi ilikuwa na mtindo wake. Matundu mawili au zaidi ya kijiti mara nyingi ni dalili kwamba upanga ulifupishwa au ulibadilishiwa mpini.

Bapa nalo liache. Kulisugua ni kazi ya togishi, fundi anayetumia mawe ya aina mbalimbali hatua kwa hatua, na malipo yake yanaweza kuzidi bei uliyonunulia upanga. Wewe paka mafuta mepesi, basi.

"Ni wa Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo ni wa kiwandani"

Inategemea. Upanga wa masajini na makoplo, wa muundo wa mwaka 1935, ulitengenezwa kwa mashine kweli: namba imegongwa kwenye chuma, na katika nyingi mpini ni wa aluminiamu iliyopakwa rangi kuiga kamba zilizosukwa. Maofisa walijinunulia panga zao wenyewe, na baadhi walichukua chuma cha ukoo chenye miaka 300 au 400 wakakivalisha mpini na ala za kijeshi. Maofisa wa namna hiyo ndio waliokuwa upande wa pili mwaka 1944, askari wa KAR, kikosi cha Waingereza cha Afrika Mashariki, walipopelekwa kupigana Burma. Mavazi ya upanga, basi, hayakuambii umri wa chuma.

Kwa panga zilizofuliwa wakati wa vita wenyewe, tafuta mhuri. Nyota ndogo kwenye msuka ni ya wahunzi walioidhinishwa na jeshi kufua kwa njia ya jadi. Mhuri wa Seki, mji wa wahunzi, au wa herufi "Sho" mara nyingi ni wa upanga usio wa jadi. Jifunze pia kutambua herufi mbili za Showa: namba ya mwaka inayozifuata ukiijumlisha na 1925 unapata mwaka wetu, kwa hiyo Showa 18 ni 1943.

"Una hati ya Kijapani"

Hati ipi? Torokusho ni kadi ya usajili tu, hutolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Inaandika urefu, mpindo, idadi ya matundu na sahihi jinsi inavyosomeka. Haisemi kwamba sahihi ni ya kweli, na upanga ukisafirishwa nje kihalali kadi hiyo hurudishwa. Hati ya uthibitisho ni jambo jingine: ya NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za Kijapani kilichoanzishwa 1948, ina ngazi nne, kuanzia Hozon hadi Tokubetsu Juyo. Zile zilizotolewa kabla ya utaratibu huu kuanza mwaka 1982 hazina uzito sawa, hasa za kijani.

"Chuma kilikunjwa mara elfu"

Hesabu tu inakataa. Mikunjo 10 inatoa matabaka 1,024, mikunjo 15 yanakuwa 32,768. Hakuna mhunzi aliyekuwa na haja ya kwenda mbali zaidi.

"Mstari mweupe unaonekana, ni upanga halisi"

Mstari huo, hamon, hutokea upanga ulipopakwa udongo, ukapashwa moto na kuzamishwa majini. Panga bandia huchorwa hamon kwa tindikali. Elekeza makali kwenye balbu moja na uyainamishe taratibu: wa kweli una punje ndogo au ukungu unaowaka na kuzima mwanga unapopita, wa tindikali umekaa juu ya chuma kama chaki.

"Kadiri ulivyo wa kale ndivyo ulivyo wa thamani"

Ule Sukesada wa jumla una miaka 450 au 500, na upanga bora wa karne ya 19 unaweza kuuzidi bei mara nyingi. Kisha kuna ajali. Ngome ya Osaka ilipoungua mwaka 1615, panga mashuhuri ziliungua nayo. Mhunzi Yasutsugu alizipasha upya kwa amri ya watawala wa ukoo wa Tokugawa. Zilibaki na historia, lakini hamon ya mwanzo ilikuwa imekwenda. Kibaya zaidi kwa mnunuzi ni hagire, ufa mwembamba kama unywele unaokata makali kwa upande. Haunoleki ukaisha, na kwenye picha za mnadani hauonekani kirahisi. Kabla ya kulipa, omba picha za karibu za makali pande zote mbili, kutoka kwenye mpini hadi nchani.