Kwa safari ya Kondoa, iache RB67 nyumbani

"Picha bora za safari zinatoka kwenye kamera yenye negativu kubwa kuliko zote." Nimechoka kulisikia hili hapa dukani Dodoma. Mteja anajiandaa kwenda Kondoa kupiga picha michoro ya miambani, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na tayari amekumbatia Mamiya RB67, kamera kubwa ya filamu. Pamoja na lenzi na kasha la filamu, hiyo ni karibu kilo 2.7, na ilibuniwa kwa kazi za studio. Hebu ipandishe kwenye mawe ya Kolo saa saba mchana, na maji na stendi juu, uone kama utakuwa na hamu ya kuitoa begini.

Tupige hesabu. Negativu ya kawaida, ya filamu ya milimita 35, ni milimita 24 kwa 36. Ya 6x6, yaani ya mraba kwenye roli pana ya filamu iitwayo 120, ni 56 kwa 56, eneo lake zaidi ya mara tatu na nusu. RB67 inafika mara nne na nusu. Faida kubwa umeshaipata ulipohamia filamu ya 120. Kilichobaki ni nyongeza, na kioo cha RB67 kinaporuka ndani unapofyatua bila stendi mtikisiko unaila nyongeza hiyo.

Nunua kamera ya lenzi mbili: moja ya kutazamia, nyingine ya kupigia picha, zote za 6x6. Yashica-Mat 124G ina kilo moja na ushei, kioo chake hakisogei, roli inatoa picha 12 badala ya 10, na kwa kuwa lenzi haibadilishwi, vumbi letu halipati mlango njiani. Halafu unaitazamia kifuani: mzee aliyekuruhusu umpige picha anauona uso wako, kwa hiyo hakakamai. Kwa picha za watu sijaona kinachoishinda.

"Bila kipima mwanga haifai." Si kweli. Jua la mchana, filamu ya ISO 100 (kiwango cha wepesi wake kwa mwanga): tundu la lenzi f/16, kasi sekunde 1/125. Chini ya mwamba fungua stopu tatu au nne (kila moja huongeza mwanga maradufu), au tumia programu ya simu. Vipima mwanga vingi vya zamani vilitegemea betri za zebaki ambazo hazitengenezwi tena.

Muuzaji wa kamera iliyotumika atakuambia: "Ilikaa kabatini tu, ni nzima." Hapo ndipo mafuta ya shata, pazia linalofungua na kufunga mwanga, hugandia! Weka sekunde 1, fyatua, sikiliza. Ikiburuta, ondoa gharama ya fundi kwenye bei.

Na anayesema mashine za uwanja wa ndege hazidhuru filamu anakumbuka zile za zamani. Mashine mpya za CT, zinazopiga mizigo eksirei kutoka pande nyingi, zinaweza kuiharibu kwa kupita mara moja. Weka roli kwenye mfuko angavu, uombe zikaguliwe kwa mkono.